Akili Moja, Miili Mingi: Akiba na Kupokezana katika Rundo la Swichi

Rundo la swichi ni swichi mbili au zaidi zilizounganishwa kwa kebo maalumu hadi zikafanya kazi kama swichi moja. Zina anwani moja ya usimamizi, faili moja la usanidi na toleo moja la programu. Fundi anayeongeza VLAN hashughuliki na swichi ya tatu au ya nne, anashughulika na rundo zima kwa mkupuo. Mtindo huu ulienea baada ya Cisco kutoa Catalyst 3750 mwaka 2003, iliyoruhusu hadi swichi tisa kuungana kwa duara la Gbps 32. Juniper ilifuata mwaka 2008 kwa EX4200, ambayo rundo lake hubeba hadi swichi kumi, na H3C na HPE zina mfumo wao uitwao IRF. Majina ya vyeo na amri hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine, ila kanuni zinakaribiana sana.

Taasisi hununua rundo kwa sababu mbili: urahisi wa usimamizi na akiba, yaani uwezo wa mtandao kuendelea kifaa kimoja kinapokufa. Urahisi hupatikana siku ile ile kebo zinapochomekwa. Akiba haiji hivyo. Mafundi waliohudumia vyumba vya swichi kwa miaka mingi wamejifunza kwamba rundo hustahimili kifo cha mwili mmoja, lakini kila ambacho wanachama wake wanashiriki, iwe programu, umeme, kebo au usanidi, kinaweza kuwaangusha wote pamoja. Kusimamia akiba, kwa hiyo, ni kujua wanachama wanashiriki nini, kisha kutenganisha kinachotenganishika na kujiandaa kwa kisichotenganishika.

Duara la kebo

Kebo za rundo hupangwa kwa duara. Swichi ya kwanza huungwa na ya pili, ya pili na ya tatu, na ya mwisho hurudi kwa ya kwanza. Kebo moja ikikatika, data hugeuka na kupita upande wa pili, na watumiaji hawaoni lolote. Kwenye Catalyst 3750 kinachopotea ni nusu ya uwezo wa duara, kutoka Gbps 32 hadi 16. Hatari inaanzia hapo hapo, kwa sababu rundo lenye duara lililokatika huonekana zima. Simu hazipigwi, taa za porti zinaendelea kumeta, na hali hiyo inaweza kukaa miezi mingi hadi kebo ya pili ichomoke na rundo lipasuke vipande viwili.

Kasoro inayokutwa mara nyingi zaidi ni duara ambalo halikufungwa tangu mwanzo. Kebo inayokuja na swichi nyingi za Cisco ina urefu wa nusu mita. Inatosha kuunga swichi zinazopakana, haitoshi kurudi kutoka chini ya raki hadi juu. Mkandarasi mwenye haraka huunga mnyororo, akaona swichi zote zimetambuana, akakabidhi kazi. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kununua kebo ndefu, kwani zipo za mita moja na mita tatu. Ya pili ni kuunga kwa kuruka: ya kwanza na ya pili, ya kwanza na ya tatu, ya pili na ya nne, ya tatu na ya tano, kisha ya nne na ya tano. Kwa mpangilio huo duara linafungwa bila kebo yoyote kuvuka zaidi ya swichi mbili. Siku ya kukabidhiwa kazi, jambo la kwanza la kukagua ni kama kila swichi inaonyesha porti zake zote mbili za rundo ziko hai.

Kiongozi na makamu

Ndani ya rundo, swichi moja huwa kiongozi. Ndiyo inayoshika usanidi, inayopanga njia na kujibu amri za fundi. Nyingine hupitisha data kwa kufuata maelekezo yake. Katika marundo ya kisasa, kama ya Catalyst 3850 na 9300, kuna pia makamu anayepokea nakala ya hali ya kiongozi kila wakati, ili kiongozi akifa makamu aendelee palipoishia. Kwenye mifumo ya zamani isiyo na makamu wa namna hiyo, waliobaki walipiga kura upya na mshindi akalazimika kujijenga, na muda wa kusubiri ukawa mrefu zaidi.

Kura hiyo huamuliwa kwanza na kipaumbele. Kwa Cisco ni namba kati ya 1 na 15, na kiwandani kila swichi huwekewa 1. Zikiachwa zote zikiwa sawa, mshindi mara nyingi hupatikana kwa kigezo cha mwisho, yaani anwani ndogo kuliko zote ya MAC. Matokeo yake yamewashangaza wengi: anwani ndogo kwa kawaida ni ya kifaa kilichotengenezwa mapema zaidi, hivyo uongozi huangukia kwa swichi kongwe, ile yenye feni zilizochoka. Inafaa kutamka mapema: kiongozi 15, makamu 14, wengine chini yao.

Kubadilisha kipaumbele kwenye Cisco hakumwondoi kiongozi aliyepo. Namba mpya husubiri kura ijayo. Vilevile, kiongozi wa zamani akipona na kurudi, anaingia kama mwanachama wa kawaida. Baadhi ya wasimamizi hulichukulia hili kama upungufu na kulazimisha uongozi urudi "kwao". Si upungufu. Uongozi unaorudi wenyewe kila kifaa kinapofufuka huwa mtikisiko wa pili juu ya ule wa kwanza, na kama kifaa chenyewe kinakufa na kufufuka, mitikisiko haiishi. Ndiyo sababu Juniper hupendekeza swichi mbili zinazoshika usukani zipewe kipaumbele kilicho sawa.

Anwani inayohama

Rundo hujitambulisha kwa nje kwa anwani ya MAC ya kiongozi wake. Kiongozi akiondoka na anwani ikabadilika, majirani hudhani wamekutana na kifaa kipya. Swichi ya upande wa pili iliyofunga nyaya kadhaa kuwa moja kwa itifaki ya LACP huvunja fungu na kuanza mazungumzo upya. Itifaki ya spanning tree, inayofunga njia za ziada ili data isizunguke bila kikomo, hupiga hesabu zake upya. Kompyuta zinazotumia rundo kama lango lao hulazimika kujifunza anwani mpya. Rundo lenyewe limepokezana uongozi vizuri, lakini mtandao unaolizunguka umeyumba.

Tiba ni kuliamuru rundo lishikilie anwani ya zamani hata mwenye nayo akiondoka. Kwenye Catalyst za zamani amri hiyo huchukua idadi ya dakika, na sifuri humaanisha daima. Tiba hii ina masharti yake. Swichi iliyoondolewa ikipelekwa ghorofa nyingine ndani ya mtandao ule ule, huku rundo likiendelea kutumia anwani yake, vifaa viwili vitakuwa na anwani moja, na chanzo cha hitilafu hiyo ni kigumu kukitambua. Kila swichi inapotolewa kwenye rundo kwa matumizi mengine, anwani ya rundo ikaguliwe kwanza.

Njia za kwenda kwenye kiini cha mtandao

Faida kubwa ya rundo ni kwamba nyaya mbili zinazotoka kwenye wanachama wawili tofauti zinaweza kufungwa kuwa njia moja kwa kutumia kiwango cha IEEE 802.3ad cha mwaka 2000. Mwanachama mmoja akifa, waya wa pili unaendelea kubeba kazi. Hata hivyo si ajabu kukuta faiba zote mbili zimechomekwa kwenye swichi ya juu kabisa, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mlango wa kebo. Swichi hiyo ikizimika, wanachama wengine wanabaki hai lakini hawana njia ya kutokea. Busara iliyotokana na matukio ya namna hiyo ni kuchomeka faiba kwenye wanachama wawili ambao, idadi ikiruhusu, si kiongozi, ili kifo cha kiongozi kisigeuke misiba miwili kwa wakati mmoja.

Kasi ya kugundua kifo nayo huhesabika. Taa ya faiba ikizimika, fungu huitoa njia hiyo mara moja. Tatizo liko pale taa inapobaki inawaka ilhali upande wa pili umeduwaa. Hapo kinachotegemewa ni ujumbe wa LACP. Kwa mwendo wa polepole ujumbe hutumwa kila sekunde 30 na mwenzake huhesabiwa amekufa baada ya 90. Kwa mwendo wa kasi ni kila sekunde moja na kungoja tatu. Sekunde 90 ni ndefu kuliko uvumilivu wa simu za mtandao na wa programu nyingi za malipo.

Akiba ya njia ikizidi mpango, huwa hatari yenyewe. Mfano unaofahamika sana ni wa hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Novemba 2002. Mtandao wake ulikuwa umekua kipande kwa kipande, swichi juu ya swichi, hadi ukavuka mipaka ambayo spanning tree inaweza kuisimamia. Mzigo mkubwa wa data ulipopita, itifaki ilishindwa kufunga njia za ziada, data ikazunguka bila kikomo, na kwa takriban siku nne hospitali ikarudi kwenye karatasi. Mkuu wake wa teknolojia, John Halamka, aliamua kulisimulia tukio hilo hadharani ili wengine wajifunze. Njia za akiba zilikuwepo nyingi; kilichokosekana ni mchoro wa mtandao wote na mtu mwenye jukumu la kuulinda. Kwa rundo, funzo ni kwamba kila njia ya pili iwe ndani ya fungu la LACP, na spanning tree iachwe imewashwa kama kinga hata pale inapoonekana haina kazi.

Umeme

Kwenye miji ambayo umeme hukatika na kurudi bila taarifa, mpangilio wa umeme huamua tabia ya rundo kuliko kipaumbele chochote. Swichi za Catalyst 3850 na 9300 husubiri kama dakika mbili zinapowaka kabla ya kufunga kura. Anayechelewa huingia kama mwanachama tu. Katika jengo moja la ofisi Dar es Salaam, swichi iliyopewa kipaumbele cha juu ililishwa na UPS, na nyingine zilichomekwa moja kwa moja kwenye njia ya jenereta. Betri za UPS zilipochoka, kifaa hicho kikawa kinachelewa kuruhusu umeme upite baada ya kukatika. Kiongozi aliyekusudiwa akawa anawaka wa mwisho, na uongozi ukaangukia kwa swichi isiyo na UPS. Tangu hapo kila umeme ulipokatika uongozi ulihama, mpaka betri zilipobadilishwa na rundo lote likawashwa upya kwa mpango. Aliyegundua alifanya jambo dogo: aliweka saa za kuhama kwa uongozi, zilizoandikwa na rundo lenyewe, kando ya saa za kukatika kwa umeme. Zilifuatana moja kwa moja.

Kanuni zinazotokana na hayo ni nyepesi. Kiongozi na makamu wawe kwenye UPS mbili tofauti. Swichi yenye pawasaplai mbili, kila moja ichomekwe kwenye chanzo chake. Kuzichomeka zote kwenye ekstensheni moja ni kununua akiba na kuitupa. Baadhi ya marundo ya Cisco yana pia kebo za kugawana umeme, zinazounga hadi swichi nne ili mwenye pawasaplai iliyokufa alishwe na wenzake. Mfumo huo unafaa, mradi wati zilizobaki zipigiwe hesabu pamoja na simu na kamera zinazolishwa kupitia porti. Betri nazo zipimwe kwa ratiba.

Rundo linapogawanyika

Duara likikatika sehemu mbili, au mnyororo sehemu moja, kila kipande hudhani wenzake wamekufa. Kisicho na kiongozi humchagua wake. Sasa kuna viongozi wawili wenye usanidi ule ule, anwani ile ile ya IP na, kama imeshikiliwa, anwani ile ile ya MAC. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Majirani hupokea majibu yanayopingana, na hitilafu huja na kuondoka kiasi kwamba wasimamizi hutilia shaka ruta, seva, hata virusi, kabla ya kuangalia nyuma ya raki.

Mifumo hushughulikia jambo hili kwa njia tofauti. IRF ina utaratibu wa kugundua viongozi wawili kupitia LACP, BFD au ARP, kisha kipande kimoja hufunga porti zake hadi rundo liungane tena. Juniper hutumia kanuni ya wingi wa wanachama, lakini hupendekeza ukaguzi huo uzimwe kwenye rundo la swichi mbili, ambamo hakuna upande wenye wingi. Catalyst za zamani hazina kinga hiyo. Hutegemea duara lililofungwa na fundi anayepokea tahadhari mapema. Kwa rundo la swichi mbili inafaa kukumbuka kwamba kebo mbili, na si moja, ndizo zinazofunga duara.

Kuingiza swichi mpya

Rundo hupata madhara mengi mikononi mwa wanaolitengeneza. Swichi iliyokufa huletewa mbadala, fundi huiwasha mezani ili aone kama ni nzima, kisha akiwa na haraka huichomeka kwenye rundo ikiwa inawaka. Kwa rundo la Cisco, hilo si kuongeza mwanachama, ni kukutanisha marundo mawili. Viongozi wawili hupiga kura, na upande unaoshindwa hujizima na kujiwasha upya wote. Kama swichi ngeni ilikotoka ilikuwa na kipaumbele cha juu kuliko cha kiongozi wa rundo, wanaojiwasha upya ni swichi zote zilizokuwa zikihudumia jengo, na usanidi unaotawala ni wa mgeni. Hili limetokea saa za kazi, kwenye ofisi zenye foleni ya wateja.

Utaratibu salama ni huu. Nakala ya usanidi ihifadhiwe nje ya rundo. Mbadala iwe ya modeli inayokubaliana, ipakiwe toleo lile lile la programu, ifutwe usanidi wa zamani, irudishwe kipaumbele cha 1 na ipewe namba ya mwanachama aliyekufa ili porti zake zirithi mipangilio yake. Izimwe kabisa, kebo zote mbili za rundo zichomekwe, ndipo iwashwe.

Programu moja kwa wote

Kifo cha mwili kina makamu. Kosa la akili halina. Kiongozi akianguka kwa sababu programu yake inavuja kumbukumbu taratibu, makamu anayechukua nafasi ana programu ile ile, amewaka muda ule ule na amepitisha data ile ile. Mara nyingi naye hufuata. Usasishaji una sura hiyo hiyo. Kwa marundo mengi toleo jipya humaanisha wote kujiwasha upya, na hata pale mtengenezaji anapoahidi usasishaji usiokatiza, dirisha la matengenezo usiku hubaki kuwa tahadhari ya lazima. Kwa kuwa hapa hakuna cha kutenganisha ndani ya rundo, utengano hufanywa kati ya marundo: seva yenye kadi mbili za mtandao iungwe kwenye marundo mawili, na marundo hayo yasasishwe kwa siku tofauti.

Kupokezana kunakoamsha kupokezana

Kwenye kiini cha mtandao wengi huepuka rundo na kuchagua swichi mbili zenye akili mbili, zinazoshirikiana kwa VRRP au kwa mifumo kama vPC ya Cisco na MLAG ya Arista. Kila moja ina usanidi wake na inaweza kuwashwa upya peke yake. Mpango huu nao una kiungo wanachoshiriki. Tarehe 22 Desemba 2012, GitHub ilikuwa ikisasisha programu ya swichi zilizounganishwa kwa MLAG. Kupokezana hakukwenda ilivyotarajiwa na mawasiliano yakasimama kwa sekunde 90 hivi. Seva za mafaili zilikuwa zimepangwa mbili mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikingoja. Wakati wa ukimya huo kila moja ilidhani mwenzake amekufa, na mtandao uliporudi zikajaribu kuzimana. Dakika moja na nusu kwenye swichi ikawa saa nyingi za matengenezo kwenye seva, kama kampuni yenyewe ilivyoeleza baadaye.

Funzo ni la kupanga saa. Tabaka la juu lisubiri zaidi ya muda ambao tabaka la chini linahitaji kujiponya. Ikiwa rundo huchukua sekunde kumi kupokezana, seva zinazojihukumu baada ya sekunde tano zitafanya maamuzi juu ya hitilafu ambayo ingeisha yenyewe. Namba hizo hazipatikani kwenye kijitabu cha mtengenezaji. Zinapimwa.

Kupima na kufuatilia

Kipimo cha akiba ni kuchomoa. Usiku wa matengenezo, kompyuta moja ikituma ping mara kadhaa kwa sekunde kupitia rundo, huchomolewa kwanza kebo moja ya rundo, kisha faiba moja, kisha pawasaplai moja, na mwisho umeme wa kiongozi. Kila mara huandikwa ni ping ngapi zilizopotea, kisha kifaa hurudishwa na kurudi kwake nako hupimwa, kwa sababu mitandao mingine huvumilia kuondoka kwa kifaa na kuyumba kinaporejea. Jaribio lifanywe kabla ya kukabidhiwa kazi, baada ya kila usasishaji, na angalau mara moja kwa mwaka.

Kati ya majaribio kazi ni ya ufuatiliaji. Akiba hupotea kimya kimya. Kinachopiga kelele ni kifo cha pili, wakati umeshachelewa. Mfumo wa ufuatiliaji kwa SNMP uarifu mambo manne hasa: duara lililokatika, mwanachama aliyeondoka, uongozi uliohama na pawasaplai iliyozimika. Kila arifa iwe na mtu anayewajibika kuijibu. Ndani ya mlango wa raki pabandikwe mchoro wa kebo za rundo, namba ya kila mwanachama na chanzo cha umeme wake, ili anayefika usiku ajue cha kugusa na cha kuacha.

Kwa jumla, rundo linafaa kwenye ghorofa, ambako porti ni nyingi na kukatika kwa sekunde chache kunavumilika. Kwenye kiini, akili mbili ni salama zaidi ingawa zinahitaji kazi zaidi. Katika sehemu zote mbili ukaguzi ni ule ule: kwa kila kifaa cha akiba kiandikwe kinategemea nini, na popote vifaa viwili vinapotegemea kitu kimoja, kitu hicho kitenganishwe au kiwekewe mpango wa siku kitakapokufa.